Kisa cha Kibosho: maji safi, meno yenye madoa

Ukisema kwenu ni Arusha au Moshi, mtu wa Dar es Salaam au Mwanza hukutazama mdomoni kwanza. Meno ya kahawia yamekuwa kitambulisho cha watu wa kaskazini mwa Tanzania, na sababu yake kila mtu anayo tayari: ni maji. Maji ya kule yana floridi nyingi, na floridi huharibu meno ya mtoto yakiwa bado ndani ya ufizi. Maelezo hayo ni sahihi kwa vijiji vingi vinavyozunguka Mlima Meru na kwa tambarare zilizo chini ya Kilimanjaro. Lakini ukipanda hadi Kibosho, juu ya mji wa Moshi, yanakwama.

Kibosho iko kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kwenye kimo cha karibu mita 1,460 pale ulipofanyika utafiti nitakaoueleza hapa chini. Maji yake yanatoka msituni juu. Ni mvua iliyozama ardhini, ikatoka kwenye chemchemi, ikashuka kwa mito na mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga, hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Yakipimwa, floridi yake ni karibu miligramu 0.2 kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5. Kwa kipimo hicho, mtoto wa Kibosho alipaswa kuwa na meno meupe kuliko mtoto wa mjini Arusha. Hali haikuwa hivyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwapima watoto waliozaliwa na kukulia katika sehemu tatu. Ya kwanza ni Chanika, upande wa Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, ambako maji hayana floridi ya kuzungumzia. Ya pili ni Rundugai, wilayani Hai, kule chini zilipo chemchemi za Chemka ambazo watalii wanakwenda kuogelea. Maji ya kunywa ya huko yalikuwa na floridi kati ya miligramu 5 na 6 kwa lita. Ya tatu ni Kibosho. Meno yalipewa alama kwa kipimo kinachoanzia 0, yaani jino zima lisilo na dosari, hadi 9, yaani jino lililopoteza sehemu kubwa ya ganda lake la nje. Chanika walikuwa karibu na sifuri, kama ilivyotarajiwa. Rundugai walizidi alama 4, nayo ilitarajiwa. Kibosho nao walizidi 4.

Mtu asiyeijua alama hiyo aelewe inavyoonekana mdomoni. Kwenye alama 4 uso wote wa jino umepoteza mng'ao, umekuwa mweupe wa chaki. Kuanzia 5 vinaonekana vishimo, na ganda linaanza kubanduka. Rangi ya kahawia haizaliwi na jino. Jino hutoka likiwa na weupe wa chaki, lenye matundu madogo mno yasiyoonekana kwa macho, kisha chai, mboga na vyakula vingine huingia humo na kulipaka rangi kadiri miaka inavyokwenda. Ndiyo maana mzazi huona meno mapya ya mtoto wa miaka saba ni meupe tu, kisha akifika kumi na mbili mzazi anamlaumu kwamba hapigi mswaki. Hakuna mswaki unaofuta dosari iliyo ndani ya ganda lenyewe. Nimeona watoto wakisugua meno kwa mkaa na hata kwa mchanga, na hilo linaniuma kuliko madoa yenyewe, kwa sababu wanamaliza ganda ambalo tayari ni dhaifu.

Basi kisa chenyewe ni hiki: vijiji viwili vya mkoa mmoja, maji yanayotofautiana kwa floridi zaidi ya mara ishirini, na meno yaleyale. Kama maji peke yake hayaelezi, ni nini kingine?

Tuanze na jinsi floridi inavyofika kwenye jino. Ganda la meno ya kudumu ya mbele hujengwa kuanzia miezi ya kwanza ya maisha, na kazi hiyo kwa meno mengi inakamilika mtoto akiwa na takriban miaka minane. Katika kipindi hicho floridi iliyozidi kwenye damu huvuruga kukomaa kwa ganda, likabaki na vinyweleo. Baada ya hapo jino limeshajengwa. Mtu mzima akihamia Rundugai hapati madoa hata akinywa maji ya huko kwa miaka, ingawa mifupa yake haina kinga hiyo. Kwa kiasi kidogo floridi hiyohiyo hulinda jino lisioze. Ndiyo sababu Grand Rapids huko Marekani ulikuwa mji wa kwanza kuongeza floridi kwenye maji ya bomba mwaka 1945, kwa kiwango cha miligramu 1 hivi kwa lita. Ugunduzi uliotangulia hatua hiyo ulianzia kwenye madoa kama haya ya kwetu, yaliyomsumbua daktari wa meno Frederick McKay alipofika Colorado Springs mwaka 1901. Ilichukua miaka thelathini hadi mkemia H. V. Churchill alipoonyesha mwaka 1931 kwamba kiini ni floridi ya maji. Sisi tumelirithi jibu lake bila kuuliza kama swali letu ni lilelile.

Kinachoamua dosari ni kiasi kinachoingia mwilini kwa siku, kutoka njia zote. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1997 uliweka ukomo wa miligramu 1.3 kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, na 2.2 kwa wa miaka minne hadi minane. Mtoto wa Rundugai akinywa lita moja tu kwa siku, uji na chai vikiwemo, amepata zaidi ya miligramu 5. Mtoto wa Kibosho akinywa lita hiyohiyo amepata 0.2. Ili afikie ukomo kwa maji peke yake, angehitaji kunywa lita sita na ushee kila siku. Kwa hiyo lazima kuna njia nyingine, na njia hiyo inapita jikoni.

Kibosho ni nchi ya ndizi, maharage na mahindi. Kiburu ni ndizi na maharage vilivyochemshwa pamoja hadi vikalainika. Makande ni mahindi na maharage. Vyakula hivi vina kitu kimoja kinachovichelewesha, nacho ni maharage. Na Kibosho maharage yanachelewa zaidi kuliko Chanika, kwa sababu ya kimo. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto lililopungua kwa karibu nyuzi moja. Kwenye mita 1,460 sufuria inachemka kwenye nyuzi 95, na hata ukiongeza kuni joto la maji halipandi zaidi ya hapo, ila yanakauka haraka. Nyuzi tano hizo ni saa za kukaa jikoni na mzigo wa kuni kichwani. Mama anayetia magadi, ile chumvichumvi ya ardhini inayolainisha chakula, kwenye chungu hafanyi uzembe. Anatatua tatizo la fizikia ya mlima kwa kitu anachokipata sokoni kwa bei ya chini kabisa.

Magadi yanafanya kazi kweli. Kinachoshikilia punje ya harage isipasuke ni gundi iliyo kati ya seli zake, na gundi hiyo hukazwa na kalsiamu. Magadi yana sodiamu nyingi na yanayafanya maji kuwa na alkali, yaani kinyume cha uchachu. Sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu, gundi inalegea, harage linaiva kwa muda mfupi zaidi. Chungu hutoa povu jingi, mchuzi unageuka rangi na kuwa na utelezi, na ndizi za kiburu zinashikana vizuri na maharage. Kuna ladha pia, na watu waliokulia kwenye ladha hiyo huona makande yasiyo na magadi hayajakamilika.

Magadi ya sokoni si kitu kimoja. Ukienda Mbuyuni, Moshi, utaona mafungu ya mabonge ya chumvichumvi, meupe au yenye rangi ya waridi iliyofifia, magumu, yanayovunjwa kwa jiwe. Mengine ni unga wa kijivu au wa udongo, ambao asili yake ni ganda linalojitokeza juu ya ardhi tambarare wakati wa kiangazi na kukwanguliwa kwa jembe au kipande cha bati. Hayo ya pili yana uchafu, kwa hiyo jikoni huwekwa kwenye kikombe cha maji, yanakorogwa, yanaachwa yatulie hadi udongo uzame, kisha yale maji ya juu yaliyo safi ndiyo yanamiminwa chunguni. Mtu hujisikia amechuja uchafu. Floridi, lakini, huyeyuka pamoja na magadi. Imepita yote na maji safi, na kilichobaki chini ya kikombe ni mchanga usio na hatia.

Watafiti wa 1998 walipopima sampuli za magadi, walikuta tofauti kubwa ajabu: kuanzia karibu miligramu 190 za floridi kwa kilo hadi zaidi ya 83,000. Kwa hiyo kijiko kimoja kilichonunuliwa Jumatano na kingine kilichonunuliwa Jumamosi vinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, na hakuna jicho wala ulimi unaoweza kuvitenganisha. Tufanye hesabu ya chungu kimoja kwa magadi ya kiwango cha chini kiasi, tuseme miligramu 4,000 kwa kilo. Kijiko cha chai ni gramu tano hivi. Hapo umetia miligramu 20 za floridi. Wakila watu sita, mtu mzima amepata zaidi ya miligramu 3, na mtoto wa miaka miwili anayekula nusu ya sehemu ya mtu mzima amepata karibu 1.7. Amevuka ukomo wake wa siku kwa sahani moja, kabla hajanywa tone la maji. Na kwa watoto wengi kiburu na mtori ni chakula cha kuachishia ziwa, yaani kinaingia katika miaka ileile ambayo ganda la meno ya mbele linajengwa.

Haukuwa ugunduzi wa kwanza wa namna hiyo. Mapema katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Uholanzi walikwishaonyesha kwamba jamii zenye maji yasiyofika miligramu 1 ya floridi kwa lita zilitofautiana sana kwa madoa ya meno, na kwamba magadi, hasa yale ya kukwangua, ndiyo yalifuatana na tofauti hiyo. Taarifa hizo zilisomwa na madaktari wa meno. Sijui mama hata mmoja wa kijijini ambaye alizisikia kliniki.

Hapa inafaa kueleza kwa nini magadi na maji ya Rundugai ni ndugu, maana maelezo hayo yanarudi kwenye lishe. Miamba ya volkano ya bonde la ufa upande huu ina sodiamu na floridi kwa wingi. Maji yanayokaa muda mrefu ndani ya miamba hiyo huzoa vyote viwili. Kama yangekuwa na kalsiamu ya kutosha, floridi isingeweza kubaki humo: kalsiamu na floridi zikikutana huungana na kuwa jiwe lisiloyeyuka kirahisi, likatuama. Maji yenye miligramu 40 za kalsiamu kwa lita hubeba floridi ya takriban miligramu 3 au 4, zaidi ya hapo inaanza kutuama. Ikishuka kalsiamu hadi miligramu 4, mlango unafunguka kwa floridi inayozidi miligramu 10. Ndivyo ilivyo kwenye miteremko ya Meru, ambako vipimo vilivyochapishwa mwaka 1984 vilikuta mito yenye miligramu 12 hadi 76 kwa lita, na maziwa ya magadi yenye hadi 690. Maji hayo ni laini, sabuni hutoa povu upesi, nguo zinatakata. Ulaini huo ni dalili ya upungufu wa kalsiamu. Jua likiyakausha kabisa, kidogo cha kalsiamu kilichokuwemo hutangulia kutuama kama chokaa, na kinachobaki juu ya ardhi ni sodiamu na floridi. Hayo ndiyo magadi. Mama wa Kibosho ana maji masafi ya mlimani, kisha ananunua maji ya bondeni yaliyokaushwa na kuyarudisha chunguni.

Maji ya Kibosho yenyewe yameponyoka kwa sababu yanapita haraka. Mvua ya upande wa kusini ni nyingi, safari ya chini ya ardhi ni fupi, hayapati muda wa kuzoa madini. Watu huyasifu, na wanastahili kuyasifu. Lakini usafi huo una upande wa pili ambao mtu wa lishe hawezi kuuacha: hayana floridi, na hayana kalsiamu wala magnesiamu ya maana pia. Sehemu nyingine za dunia zenye maji magumu, lita mbili kwa siku huweza kumpa mtu miligramu 150 hadi 200 za kalsiamu bila yeye kujua. Mtoto wa Kibosho hapati hiyo. Kalsiamu yake yote lazima itoke kwenye chakula, na ndizi, mahindi na viazi havina cha kutosha. Maharage yana kiasi fulani, ila sehemu yake imefungwa na fitati, kemikali ya asili ya mbegu inayoshikilia madini.

Sasa niseme kitu ambacho simulizi rahisi ya magadi inakiruka. Kama floridi ya magadi ingekuwa jibu lote, mkojo wa watoto wa Kibosho ungeonyesha floridi nyingi kama wa Rundugai. Watafiti waliupima. Wa Kibosho ulikuwa na floridi zaidi ya wa Chanika, lakini pungufu waziwazi kuliko wa Rundugai. Meno yalifanana, floridi haikufanana. Ndipo kimo kikatajwa tena, safari hii bila kuhusishwa na maharage: panya waliowekwa maabara kwenye hewa hafifu kama ya milimani walipata dosari za ganda la jino hata bila floridi ya ziada. Utapiamlo wa utotoni nao huacha alama kwenye ganda zinazoweza kuchanganywa na za floridi. Mimi nasoma matokeo haya hivi: Kibosho floridi ya wastani iliwakuta watoto ambao miili yao haikuwa na cha kuipinga. Mkojo wa siku moja, tena wa mtoto wa miaka kumi na minne, hauwezi kueleza alichokula akiwa na miaka miwili. Lakini hata ukiupa uzito wake wote, bado unatuelekeza tutazame sahani nzima.

Kalsiamu ndicho kipande cha sahani ambacho kinagusa pande zote mbili. Floridi ikifika kwenye tumbo tupu hufyonzwa karibu yote. Ikifika pamoja na maziwa au chakula chenye kalsiamu, sehemu yake hufungwa palepale na kutoka na choo, na kinachofyonzwa kinashuka hadi kwenye theluthi mbili hivi. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtoto aliye kwenye ukingo. Kwenye mifupa uhusiano ni mkali zaidi: katika maeneo yenye floridi nyingi, watoto wenye upungufu wa kalsiamu ndio wanaopata miguu ya kupinda kwa urahisi, kwa kuwa floridi husukuma mfupa ujijenge huku malighafi haipo. Na vihamba vya Kibosho vina ng'ombe. Wanafugwa ndani, wanakatiwa majani ya migomba, wanakamuliwa. Kikombe kimoja cha maziwa kina miligramu 240 hadi 300 za kalsiamu, karibu nusu ya mahitaji ya mtoto wa miaka miwili. Maziwa hayo mara nyingi hutoka nyumbani alfajiri kwenda kuuzwa, kwa sababu ada na sukari vinahitaji fedha. Siwalaumu wazazi. Ninachotaka wajue ni kwamba kikombe kinachobakizwa kwa ajili ya mdogo kabisa, akinywe pamoja na chakula, kina kazi zaidi ya ile waliyoambiwa.

Magadi yana dhambi nyingine inayosahaulika. Alkali yake inaharibu vitamini B1, na maharage ni chanzo chake kizuri kwa watu wasiokula nyama mara kwa mara. Kwa hiyo chungu kilicholainishwa kwa magadi kimeongeza floridi, kimeongeza sodiamu na kimepunguza vitamini kwa mkupuo mmoja.

Dawa ya Kibosho, basi, haiko bombani. Ukijenga mtambo wa kuondoa floridi kwenye maji ya Kibosho utakuwa umetumia fedha kusafisha kilicho safi. Dawa iko kwenye kuloweka. Maharage yakilowekwa usiku kucha kwenye maji yenye kijiko cha chumvi ya kawaida kwa lita, yakamwagwa maji hayo asubuhi na kuoshwa, yanaiva kwa muda mfupi sana kuliko makavu, kwa sababu sodiamu ya chumvi inafanya sehemu ya kazi ileile ya magadi. Maji ya kulowekea yanaondoka na sehemu ya fitati na vinavyosababisha gesi. Sufuria ifunikwe vizuri, na jiwe juu ya kifuniko likihitajika. Jiko la presha linamaliza tatizo la kimo kabisa, kwani ndani yake maji huchemka juu ya nyuzi 100 hata ukiwa mlimani; kwa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa ni kifaa cha kununuliana kwa zamu. Asiyeweza kabisa kuacha ladha ya magadi ni afadhali atie ncha ya kijiko ya baking soda ya dukani, ambayo hutengenezwa kiwandani na haina mzigo wa floridi, akijua kwamba vitamini B1 bado inapotea. Na chakula cha mtoto wa chini ya miaka mitatu kipakuliwe kabla chochote cha hayo hakijatiwa.

Rundugai ni habari nyingine, nami sitaki mtu asome kisa cha Kibosho akadhani maji hayana kosa popote. Kule kuloweka maharage hakutamwokoa mtoto. Floridi imo kwenye uji, kwenye chai, kwenye kikombe. Na hapa kuna kosa linalorudiwa kila siku: kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi haiondoki na mvuke, inabaki kwenye maji yaliyopungua, kwa hiyo inakolea. Vidonge vya klorini navyo haviigusi. Kinachofanya kazi ni kuleta maji ya juu kwa bomba, kuvuna ya mvua, kuchanganya chanzo kikali na chanzo kizuri, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo Kituo cha Ngurdoto, karibu na Usa River, kimeifanyia kazi kwa miaka mingi na ambayo Wakenya wameitumia Nakuru. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo kwenye nyuzi 400 hadi 600. Ikitoka nyeusi au ya kijivu inafaa. Ikichomwa mpaka ikawa nyeupe imepoteza nguvu nyingi, na isipoiva vizuri maji yananuka. Hata hapo ni kalsiamu inayofanya kazi: mfupa ni kalsiamu na fosfeti, na floridi inaupenda mfupa uliokufa kama inavyoupenda ulio hai. Nchi yenyewe ilikwenda polepole kwenye jambo hili. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilikubali kwa muda hadi miligramu 8 kwa lita kwenye maji ya vijijini, kwa kuwa kukataa kungeacha watu bila maji kabisa. Baadaye ikashuka hadi 4, na sasa iko 1.5.

Kwenye magadi hakujafanyika kazi ya namna hiyo, na hapo ndipo ninapoona pengo kubwa zaidi. Chumvi ilipogunduliwa kuwa njia ya kufikisha madini joto kwa kila nyumba, serikali iliiwekea sheria katika miaka ya 1990 na ikaanza kuipima. Magadi yanaingia kwenye vyungu vya mikoa mizima, yana kemikali inayotofautiana zaidi ya mara mia nne kati ya fungu na fungu, na yanauzwa kama udongo. Kuyapima si kazi ngumu. Kipimo kilekile kinachotumika kwa maji kinaweza kupima magadi yaliyoyeyushwa, na wafanyabiashara wa jumla wanaoyaleta Moshi na Arusha wanafahamika sokoni. Ungeanza na kupiga marufuku ya kukwangua kuuzwa kama chakula, na kuyaacha kwa wanaoyanunua kwa ajili ya mifugo baada ya kuyapima.

Kliniki ya watoto nayo ina nafasi yake. Mtoto anapelekwa kupimwa uzito kila mwezi tangu kuzaliwa, na miezi hiyo ndiyo ambayo ganda la meno yake ya mbele linajengwa. Maziwa ya mama yana floridi kidogo mno hata mama akinywa maji makali, kwa hiyo miezi sita ya kunyonya bila kitu kingine inamlinda. Swali la maana linakuja mwezi wa saba: mnapikia nini, na mnatia magadi? Muuguzi anayeuliza hilo anahitaji dakika moja. Kwa kaka na dada zake waliokwishavuka miaka minane hakuna tena cha kuzuia, ila daktari wa meno anaweza kusugua ganda la juu kwa dawa maalumu kama doa halijazama, au kulifunika kwa kijazio cha rangi ya jino kama limezama. Gharama yake, kwa jino moja moja, bado iko juu ya uwezo wa familia nyingi za vihambani.